Gitaa kavu limevunjika: lirudi kwa mtengenezaji au liende kwa fundi wa mjini?

Jumapili moja, baada ya ibada ya pili, gitaa langu lilianguka kutoka kwenye kiti cha plastiki. Mtoto alijikwaa kwenye waya wa maikrofoni, kiti kikayumba, gitaa likaenda chali kwenye sakafu ya saruji. Nilipoliinua, kichwa kilikuwa kimekatika na kinaning'inia kwa nyuzi tu. Kabla sijasema neno, mzee mmoja wa kwaya alikuwa ameshampa kijana noti akanunue supagluu dukani. Nilimkimbilia yule kijana, nikamkuta getini, nikamwomba arudi.

Mzee alikuwa na nia njema, na wengi wangefanya kama yeye. Lakini kile kichupa kingefunga njia zote mbili ninazotaka kuzilinganisha hapa. Supagluu huzama kwenye vinyweleo vya mti na kugandia humohumo. Fundi wa mjini asingepata tena mti msafi wa kushikisha gundi yake, na kiwanda kilicholitengeneza kingeweza kuniambia nibadilishe shingo nzima. Kwa hiyo kama gitaa lako limevunjika leo na unasoma huku umelipakata, legeza nyuzi zote, okota kila kibanzi kilichodondoka ukitie kwenye bahasha, usiuchezeshe mvunjiko kuona unavyokaa, halafu tuendelee.

Gitaa langu ni Martin, lililotengenezwa Nazareth, Pennsylvania, huko Marekani. Kampuni hiyo ilianzishwa New York mwaka 1833 na ikahamia Nazareth mwishoni mwa muongo huohuo. Mimi nililinunua Nairobi, mkononi kwa mtu. Hilo la "mkononi kwa mtu" lilikuja kuwa zito kuliko nilivyodhani, na nitalirudia nikifika kwenye dhamana.

Je, kazi yenyewe inafumulika?

Wapigaji wakijadili jambo hili huulizana nani fundi bora. Naona swali hilo halisaidii kuamua. Kiwanda kina mashine, mbao zilizokaushwa kwa kipimo, rangi ileile iliyopakwa siku ya kwanza, na mikono inayofanya kazi moja kila siku. Fundi wa Dar es Salaam ana meza moja na yuko umbali wa daladala moja. Tukishindanisha ubora tu, kiwanda kitashinda kila mara, na gitaa lako litakaa chini ya kitanda miaka mitatu likisubiri nauli.

Mimi huuliza hivi: kazi hii ikiharibika, inafumulika? Fundi cherehani akishona suruali vibaya, anafumua mshono na kitambaa bado kipo. Akiikata fupi, imekwisha.

Gitaa zuri limeundwa lifumuke. Gundi ya kale ya ngozi na mifupa ya wanyama hulegea kwa joto na unyevu. Gundi ya kawaida ya mbao, ile nyeupe au ya manjano hafifu, hulegea kwa joto. Kitu kilichobandikwa kwa gundi hizo, hata kikikaa upande, kinaweza kupashwa moto, kikabanduliwa taratibu kwa kisu chembamba, kikasafishwa na kurudiwa. Araldaiti na supagluu haziachii mti ukiwa safi. Kupiga randa fretibodi (ubao wa shingo ambao vidole hubonyezea nyuzi), kutoboa ubao ili kupitisha skrubu, kukwangua rangi yote na kupaka upya, kukata shingo: hayo yakishafanyika yamefanyika.

Kwa hiyo kazi inayofumulika mpe fundi wa karibu bila hofu. Isiyofumulika ndiyo inayostahili safari, na kama safari haiwezekani, inastahili kusubiri.

Daraja lililobanduka

Daraja ni kile kipande cha mti kilichobandikwa kwenye ubao wa mbele kushikilia nyuzi. Kubanduka kwake ndilo tatizo ninaloliona zaidi pwani. Chukua kipande cha karatasi, jaribu kukipitisha chini ya daraja upande wa nyuma, ule unaotazama kitufe cha kufungia mkanda. Kikiingia zaidi ya milimita moja au mbili, daraja limeanza kuachia.

Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni gari lililofungwa madirisha juani: joto la humo ndani linatosha kulainisha gundi ya mbao huku nyuzi zikiendelea kuvuta. Ya pili inaniuma kwa sababu inazuilika kabisa. Nyuzi za chuma nyembamba, seti inayoanzia 0.012 ya inchi, zikikazwa sawasawa huvuta kwa jumla ya kilo 70 na zaidi. Nyuzi za nailoni huvuta karibu kilo 40. Magitaa mengi ya nailoni huku kwetu yamevalishwa nyuzi za chuma kwa kuwa ndizo zilizokuwepo dukani. Daraja la gitaa la nailoni halikujengwa kwa mzigo huo. Litaachia, na litaondoka na vibanzi vya ubao wa mbele.

Kwa fundi wa mjini, kazi hii ni ya siku moja na usiku mmoja chini ya klempu. Apashe moto daraja, alibandue, akwangue gundi ya zamani hadi mti uonekane, apake mpya, abane, aache hadi kesho. Kwa mtengenezaji ni kazi hiyohiyo, ila bahari inakaa katikati. Sijawahi kuona sababu ya kulisafirisha gitaa kwa ajili ya daraja peke yake, isipokuwa kama dhamana bado ni hai na gharama si yako.

Daraja lenyewe likipasuka, hapo tena sisi tumebarikiwa kwa mbao. Madaraja mengi huchongwa kwa mwebano mweusi (Waingereza huuita ebony), mti ambao kampuni ya magitaa ya Taylor ya California imekuwa ikiuchakata Yaoundé, Kamerun, tangu iliponunua hisa za kiwanda cha mbao huko mwaka 2011. Mpingo wetu wa Kilwa na Lindi una uzito mkubwa zaidi, huzama majini, na mafundi wakubwa duniani huutafuta kwa bei kali. Fundi akiupata mkavu, daraja la mpingo halina haja ya kuagizwa popote. Tahadhari yangu ni kwenye neno hilo "mkavu". Kipande kilichonunuliwa kwa wachonga vinyago mara nyingi bado kina maji ndani, na kitapinda kikiwa tayari kimebandikwa. Muulize fundi kipande chake kimekaa karakanani muda gani.

Ufa

Ufa ulionyooka na mshipa wa mti, usiopitisha mwanga mwingi, ni kazi ya hapahapa. Mti ulipasuka kwa sababu ulikauka, kwa hiyo fundi anayejua kazi ataurudishia unyevu kwanza ili midomo ya ufa ikutane, ndipo atie gundi, kisha abandike ndani vijipande vidogo vya mbao vilivyokaa kukatiza ufa. Fundi anayejaza ufa mpana kwa vumbi la mbao na supagluu siku hiyohiyo ameiruka hatua iliyo muhimu kuliko zote.

Ufa wa kupigwa, uliosagika kama kioo cha gari, ni habari nyingine. Hapo kuna vibanzi vilivyopotea, papi za ndani (vijiti vinavyoimarisha ubao) zilizoachia, pengine ubao wa kubadilishwa. Kubadilisha ubao wa mbele hakufumuliki, na ubao ndiyo sauti ya gitaa. Kama ni gitaa la thamani, hapo ningemwandikia mtengenezaji kabla ya mtu yeyote kuligusa.

Nyuzi zimekaa juu sana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wa pwani tunapotupa pesa.

Dalili ni kwamba vidole vinauma, na ukipima kwenye freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) unakuta uzi mnene uko milimita tatu na nusu au nne juu ya freti, wakati wengi hupiga kwa raha kwenye karibu milimita mbili na nusu. Mtu akisoma huku na kule ataambiwa shingo imebadili pembe, inatakiwa kung'olewa na kupachikwa upya, na kazi hiyo hufanywa na mtengenezaji. Ni kweli, hutokea. Nguvu ile ya kilo 70 ikivuta miaka 20 au 30, shingo huinama mbele kidogo kidogo.

Ila magitaa haya huundwa kwenye vyumba vyenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hewa mara nyingi huwa juu ya asilimia 70. Ubao wa mbele hunywa unyevu huo, tumbo linavimba nyuma ya daraja, daraja linainuka, nyuzi zinapanda nalo. Shingo haijafanya kosa lolote. Nimemwona mpigaji wa hoteli akijiandaa kulituma gitaa lake Ulaya kwa shida hiyo. Tulilifungia kwenye kasha gumu pamoja na vipakiti vya silika na kijipima unyevu kidogo kwa wiki tatu. Nyuzi zikashuka zenyewe.

Na ungelituma ingekuwaje? Lingefika kwenye karakana kavu, lingekauka, tumbo lingeshuka, wangelirekebisha kwa hali hiyo, kisha lingerudi pwani livimbe tena. Mtu wa Iringa au Nairobi hana tatizo hili kwa kiasi hicho. Kwake shida huwa ni kinyume, ukavu. Kwa hiyo ukipewa ushauri wa gitaa, muulize kwanza mshauri anaishi wapi.

Baada ya kulikausha, weka rula ndefu iliyonyooka juu ya freti, katikati ya shingo, uisogeze hadi ifike darajani. Ikipita juu kidogo ya mti wa daraja, au ikiugusa ule uso wa juu, shingo iko salama, na fundi wa mjini anaweza kupunguza kijiti cha mfupa kinachobeba nyuzi. Kijiti kikikatwa kupita kiasi unanunua kingine. Rula ikigonga ubavu wa daraja, chini ya uso wa juu, shingo imeinama kweli.

Kazi ya kuirudisha hutofautiana kwa jinsi gitaa lilivyojengwa. Taylor walileta mwaka 1999 shingo inayofungwa kwa bolti, ambayo pembe yake hubadilishwa kwa vipande vyembamba vilivyopimwa. Ni kazi ya dakika kwa mwenye vipande hivyo, lakini lazima awe navyo, na huvipati kwa seremala. Martin za kawaida za zamani shingo yake imepachikwa kwa kiungo cha mkia wa njiwa na kugundishwa. Fundi hung'oa freti moja, hutoboa tundu dogo chini yake, hupuliza mvuke hadi gundi ilegee, huichomoa shingo, huchonga kisigino (pale shingo inapokutana na mwili) unywele kwa unywele, hurudisha. Kisigino kikichongwa zaidi, hakuna wa kukirudishia mti. Kwa kazi hii peke yake nasema bila kusita: liende kwa aliyelitengeneza, au kwa karakana aliyoiidhinisha yeye, au lisiguswe.

Kichwa kilichokatika

Watu huliona hili kama msiba kuliko yote, na ndilo lililonipata mimi. Mara nyingi si gumu kiasi hicho. Kichwa cha gitaa kimeinamishwa nyuma, kwa hiyo mishipa ya mti pale shingoni ni mifupi na hukatika gitaa likianguka chali. Tazama urefu wa mvunjiko. Ukiwa mrefu wa mlazo, kama kalamu iliyochongwa upande mmoja, kuna eneo kubwa la kushika gundi, na gundi nzuri ya mbao ikibanwa vizuri hushika kuliko mti wenyewe. Ukiwa mfupi na wima, kama kijiti cha kiberiti kilichovunjwa, gundi peke yake haitoshi. Kunahitajika kupachikwa vipande vya mti vya kushikilia, na hapo tumeshaingia kwenye kazi isiyofumulika.

Wangu ulikuwa mrefu. Nilimwandikia mtengenezaji, nikatuma picha, nikapeleka na gitaa kwa fundi wa Ilala anayetengeneza magitaa ya bendi za dansi. Kiwanda kinaweza kukushauri shingo mpya badala ya kuunga ya zamani, na kwa upande wao ni busara: wanawajibika na kazi inayotoka mlangoni kwao, na shingo mpya ni kitu wanachoweza kukisimamia. Kwangu ingekuwa gharama inayokaribia bei niliyolinunulia. Fundi alikiona, akaunganisha vipande bila gundi mbele ya macho yangu, mstari ukafungika hata kucha isihisi. Akasema, "Hili linasubiri gundi tu, kaka. Usinipe pesa ya shingo."

Alichoshindwa kunipa ni rangi. Martin hutumia laka ya nitro, ambayo tabaka jipya huyeyuka kidogo na kuungana na la zamani, hivyo kiwandani jeraha lingefichwa. Fundi wangu hakuwa nayo, na nikamwambia aache. Ukiwa na nia ya kuliuza gitaa, jua kwamba kichwa kilichoungwa hushusha bei hata kikiungwa na malaika, na karatasi ya kiwanda ndiyo inayopunguza mashaka ya mnunuzi. Mimi siuzi.

Safari yenyewe

Watu hupima gitaa kwenye mizani ya nyumbani, wanakuta kilo kumi pamoja na kasha, wanadhani watalipia kilo kumi. Kampuni za vifurushi hulipisha ukubwa. Huchukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wakagawa kwa 5,000. Boksi langu lilikuwa 122 kwa 53 kwa 25. Jibu ni kilo 32. Mizigo ya kawaida ya ndege hugawa kwa 6,000, inakuja kilo 27. Na hiyo ni kwenda tu. Nilipojumlisha kwenda, kurudi na bima, nilipata kiasi ambacho kingeninunulia gitaa jipya zuri la Yamaha na chenji ikabaki. Kwa mwenye gitaa la bei ya chini ulinganisho wote unaishia kwenye aya hii.

Kuna forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatambua bidhaa inayotoka kwenda kutengenezwa na kurudi, lakini lazima itangazwe kabla ya kutoka, na namba yake iandikwe. Kwenye Martin namba hiyo imegongwa kwenye mti ndani ya mwili, utaiona ukichungulia tundu la sauti. Rafiki yangu wa Arusha alilituma lake kama zawadi ili kuepuka usumbufu. Liliporudi hakuwa na karatasi inayothibitisha kwamba ndilo lililotoka, akatozwa kama ameingiza jipya. Alilipa, na hadi leo anasema saa mbili za kujaza fomu zingemwokoa.

Halafu kuna mti wenyewe. Mwanzoni mwa 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia, pamoja na mpingo wetu, iliwekwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na magitaa ya watu yakaanza kuhitaji vibali mipakani. Mkutano wa Geneva wa 2019 ukaviondolea sharti hilo vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa. Ila mti wa Brazili, Dalbergia nigra, uko kwenye orodha ya kwanza tangu 1992 na haukupata msamaha. Martin waliutumia kwenye modeli yao ya D-28 hadi 1969 hivi. Ukiwa na gitaa la umri huo, ulilorithi kwa babu aliyefanya kazi melini, usilisafirishe kabla ya kuwa na vibali vya nchi zote mbili. Angalia pia kijiti cha juu ya shingo. Vya zamani vingine ni pembe ya ndovu, na hilo mpakani halina mjadala.

Ukiamua kulituma, legeza nyuzi, jaza nguo laini chini na juu ya kichwa ndani ya kasha kisipate nafasi ya kurukaruka, toa betri ya pikapu (kinasa sauti cha ndani) kama ipo, na boksi la nje lizidi kasha kwa vidole vitatu kila upande, pote pajazwe. Vichwa vingi hukatikia safarini ndani ya kasha ambalo nje halina hata mkwaruzo.

Dhamana

Martin na Taylor zote mbili hutoa dhamana ya maisha, na watu husikia "maisha" wakafurahi. Ni maisha ya mmiliki wa kwanza, aliyenunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa na ana risiti. Gitaa likibadili mkono, dhamana inakwisha. Mimi niliyelinunua mkononi Nairobi sikuwa nayo tangu siku niliyolipa. Na hata mwenye nayo, inafunika kosa la utengenezaji: gundi iliyoachia bila sababu, papi iliyong'oka yenyewe. Kuanguka hakumo. Ukavu na unyevu havimo. Freti zilizolika hazimo.

Wazee wetu wengi waliita gitaa kavu "galatoni", kutokana na Gallotone, magitaa ya bei nafuu ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini yaliyosambaa miaka ya 1950. Kibandiko cha ndani kiliahidi kwamba halitapasuka. John Lennon wa bendi ya Beatles naye alianzia kwenye Gallotone yenye kibandiko hicho. Nimeshika galatoni mbili maishani, zote zina ufa. Dhamana isome neno kwa neno kabla ya kuipangia safari.

Kama una haki hiyo kweli, usikimbilie posta. Anza na aliyekuuzia au wakala wa kanda. Kampuni hizi zina karakana zilizoidhinishwa nje ya Marekani, na kwa kawaida kiwanda hakitaki kupokea boksi ambalo hakijalikubali kwa maandishi.

Gitaa lililotengenezwa na mtu mmoja

Hapa mizani inageuka, na ningependa wenye magitaa ya namna hii wanisikilize. Kuna magitaa yanayotengenezwa na mtu mmoja kwenye karakana yake, machache kwa mwaka. Mwenzangu analo, aliletewa kutoka Uingereza na mwajiri wake alipostaafu. Papi mbili ziliachia. Kwa kipimo changu cha kufumulika lingebaki hapa. Lakini tulipochungulia ndani kwa kioo na tochi tulikuta papi zimechongwa nyembamba kupita tulivyozoea, na hatukujua kama ni kasoro au ndiyo siri ya sauti yake. Akamwandikia yule aliyelitengeneza. Jibu lilikuja siku ya pili, na mchoro wa mkono, aina ya gundi, na ombi kwamba papi zisiongezwe unene hata kidogo. Gitaa halikusafiri. Maarifa ya mtengenezaji yalisafiri, fundi wa hapa akafanya kazi huku mchoro umebandikwa ukutani. Kwa gitaa la namna hii, kuandika barua ndiyo hatua ya kwanza, liwe linaondoka au halitoki.

Ukibaki kwa fundi wa karibu

Mpe maswali haya kabla ya kumwachia kasha. Atatumia gundi gani? Akisema araldaiti kwenye daraja, shukuru uondoke. Atabana kwa muda gani? Chini ya usiku mmoja ni haraka mno. Atapitisha skrubu? Kuna kazi yake ya mwaka jana unayoweza kuiona na kuipiga? Swali hili la mwisho ndilo ninalolitegemea zaidi, maana fundi mzuri huwa na jirani mwenye gitaa lake. Fundi wa makabati mwenye subira naye anaweza kuunga kichwa vizuri kuliko fundi wa ala mwenye haraka. Mti ni mti. Ila usimpe freti.

Langu liliungwa kwa gundi ya manjano, likabanwa usiku na mchana, likakaa wiki nzima bila nyuzi. Hiyo ilikuwa miaka mitano iliyopita. Mstari unaonekana ukikielekeza kichwa dirishani, na halijawahi kutoka kwenye tuni kwa sababu yake. Shingo nayo inazeeka, najua siku yake itafika, na kwa siku hiyo naweka pesa kidogo kidogo pembeni, kwa kuwa ile kazi ya mvuke na kisigino sitampa mtu wa hapa hata awe ndugu yangu. Kila Januari nalikausha wiki tatu, naweka rula juu ya freti. Mwaka huu bado inapita juu ya daraja, kwa unene wa vocha ya simu.